Wameniita usaili, kisha kimya

Wanaotuandikia zaidi msimu huu ni waliotuma maombi ya shahada ya uzamivu Marekani na Ulaya mwezi Desemba. Nusu yao wanauliza wajibu nini kwenye usaili, nusu wanauliza mbona hawajajibiwa. Tumechagua barua kumi. Ndefu tumezifupisha, na majina tumeyaondoa kama wenyewe walivyoomba.

SWALI: Wahariri, salaam. Nimemaliza uzamili wa afya ya mimea, na tasnifu yangu ilihusu ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya muhogo. Programu moja ya baiolojia huko Marekani imeniita usaili kwa Zoom: maprofesa watano, nusu saa kila mmoja, siku moja. Wataniuliza nini, na nikariri nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usikariri kitu. Aliyekariri hujulikana pale anapokatizwa katikati ya sentensi akashindwa kurudi alipokuwa. Na hawa watakukatiza. Si dharau, ndivyo wanavyozungumza.

Karibu wote watano wataanza na ombi lile lile: tueleze utafiti wako. Basi andaa maelezo ya saizi tatu: nusu dakika, dakika mbili, na dakika tano. Ya dakika mbili ndiyo utakayoyatumia zaidi. Kwa mada yako yanaweza kwenda hivi: ugonjwa huu huozesha mihogo ardhini huku mmea wenyewe ukionekana mzima, kwa hiyo mkulima mara nyingi hugundua siku ya kuvuna, huletwa na virusi vinavyosambazwa na nzi weupe na kwa pingili za mbegu, swali langu lilikuwa hili, nilifanya hivi, nikakuta hivi, na kitu ambacho sikukitarajia ni hiki. Ona kwamba tatizo limekula sentensi mbili tu. Waombaji wengi wa kwetu humaliza dakika zote mbili wakieleza umuhimu wa muhogo kwa maisha ya Mwafrika, na profesa anabaki hajui mwombaji mwenyewe alifanya nini.

Hapo ndipo lilipo kosa linalowagharimu wengi: "tulikusanya, tulipima, tukachambua." Kwetu kujitaja ni majivuno. Kwenye usaili huu, "sisi" ikizidi humfanya msaili ajiulize kama kweli ulikuwepo. Gawa kazi waziwazi: "Sampuli 240 kutoka mashamba 60 nilikusanya mimi na msaidizi mmoja. Kutoa vinasaba (RNA) nilifundishwa na fundi wa maabara. Vipimo vyote vya PCR, vya kutambua virusi, niliendesha mwenyewe. Kwenye takwimu nilisaidiwa, lakini njia ya uchambuzi nilichagua mimi, kwa sababu hii." Namba hizo ni za mfano, weka zako. Kumtaja fundi hakukupunguzii chochote, na kunafanya hayo uliyosema umefanya mwenyewe yaaminike.

Kisha yatakuja maswali ya kuchimba. Mashamba uliyachaguaje, na kama ulichagua yaliyo karibu na barabara, hilo linaathiri vipi matokeo? Ulijuaje kuwa dalili ulizoziona ni za virusi na si za upungufu wa madini? Sampuli linganishi zilikuwa zipi? Kipi kiliharibika? Ungepewa mwaka mwingine na fedha, ungefanya nini kwanza? Swali la kilichoharibika halikutegi. Mtafiti asiye na jaribio lililoharibika ama hakufanya kazi ama anaficha, kwa hiyo kuwa na tukio moja la kweli: kiliharibika nini, ulitambuaje, ulibadilisha nini. Dakika moja inatosha.

Usilolijua, sema hulijui, halafu fikiri kwa sauti: "Hilo sijalipima. Kama ingekuwa hivyo, ningetarajia kuona hiki. Njia ya kujua ingekuwa hii." Ukikaa kimya sekunde tano ukiwaza hakuna ubaya. Kinachoudhi ni kubabaisha kwa maneno mazito.

Kuhusu machapisho yao, usijitwike makala kumi kwa kila profesa. Chukua mbili za karibuni, soma muhtasari, angalia michoro, uandike swali moja ambalo kweli ungependa kujibiwa. Nusu saa ikibakiza dakika tano hadi kumi utaulizwa kama una maswali, na "sina" ni jibu baya. Uliza wanafunzi wake wa uzamivu humaliza kwa miaka mingapi, wakihitimu huenda wapi, mwaka ujao atachukua mwanafunzi mpya au la, na katika mwaka wa kwanza unazunguka maabara ngapi kabla ya kuchagua. Programu nyingi za baiolojia Marekani humzungusha mwanafunzi maabara tatu hivi. Profesa asiyekuwa na nafasi wala fedha anaweza kukupenda sana na bado usifanye naye kazi.

Mwisho, mambo ya umeme na mtandao, maana yameshaharibia wengi. Chaji kompyuta na simu zijae. Weka bando kwenye laini mbili za mitandao tofauti. Video ya Zoom yaweza kula GB 1 na zaidi kwa saa, na usaili wako ni saa mbili na nusu, kwa hiyo GB 5 kila laini si anasa. Kaa chumba chenye zulia, pazia au godoro, kisipige mwangwi. Namba ya simu ya mratibu wa programu iandike kwenye karatasi. Ikiwa kwenye barua pepe tu, mtandao ukikatika umeipoteza na yenyewe. Ukikatika, mtumie ujumbe wa mstari mmoja, rudi, endelea. Usitumie dakika nne kuomba radhi.

SWALI: Nimeandikiwa usaili ni "02/05, 10:00 AM ET". Rafiki yangu anasema ni saa kumi. Mwingine anasema ni Mei. Nani mkweli?
Msomaji, Bujumbura

JIBU: Hakuna hata mmoja. Wamarekani hutanguliza mwezi, hivyo 02/05 ni tarehe 5 Februari. ET ni saa za New York na Washington. Wakati wa baridi Bujumbura, Kigali, Goma na Lubumbashi ziko mbele yao kwa saa 7, kwa hiyo 10:00 asubuhi yao ni 17:00 yako, yaani saa kumi na moja jioni. Kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni saa kumi na mbili jioni. Kwa Maskati ni saa moja usiku. Ingekuwa PT, saa za California, ungeongeza saa tatu nyingine.

Mtego wa pili uko Machi. Jumapili ya pili ya mwezi huo Marekani husogeza saa mbele na tofauti inapungua kwa saa moja. Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho. Sisi hatusogezi. Ukijibu barua yao, andika saa kwa namna mbili, yao na yako, kwa mtindo wa 17:00, uwaombe wathibitishe. Hapo mtu yeyote mwenye haraka ataona kosa kabla halijatokea.

SWALI: Nimeomba uzamivu wa uchumi vyuo vinane Marekani. Wenzangu wa sayansi wameitwa usaili tangu Januari, mimi sijaitwa hata kimoja. Nimeshaanguka?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Hapana. Katika baiolojia na sayansi za tiba usaili ni hatua rasmi, na asiyeitwa kufikia mwisho wa Februari kwa kawaida hana nafasi mwaka huo. Katika uchumi, hisabati na fani nyingi za sanaa, kamati nyingi huamua kwa mafaili tu, na barua ya kwanza utakayoiona ndiyo ya uamuzi. Baadhi huita waombaji wachache wenye jambo la kufafanuliwa. Usijilinganishe na mwenzako wa fani nyingine hata kama mlituma siku moja.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili. Msaili mmoja aliniuliza nitaacha watoto na nani. Nilijibu kwa kirefu, sasa najuta. Ningesemaje?
Mama Wawili, Mombasa

JIBU: Pole, dada. Swali hilo halihusu utaaluma, na vyuo vingi vya Marekani huwaelekeza wasaili wao wasiulize habari za ndoa, mimba wala watoto. Aghalabu huulizwa na mtu anayedhani anapiga soga tu. Likirudi, jibu kwa sentensi moja na uirudishe kazini: "Mipango ya familia yangu imekaa sawa; ningependa kusikia zaidi kuhusu mwaka wa kwanza unavyopangwa." Hayo uliyokwisha kusema usiyaandikie barua ya kuyafafanua, utayakuza bure.

Mambo ya kweli ya familia, kama bima ya watoto, nyumba na viza za wategemezi, yana mahali pake: waulize wanafunzi wa sasa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, baada ya kupata ofa.

SWALI: Nimeitwa usaili wa nafasi ya uzamivu Ujerumani. Wanataka wasilisho la dakika 15, kisha maswali ya jopo. Je, ni sawa na usaili wa Marekani?
Msomaji, Maskati

JIBU: Si sawa. Nafasi nyingi za uzamivu Ujerumani, kama ilivyo Uholanzi na Sweden, ni ajira iliyotangazwa. Anayeamua zaidi ni profesa mwenye mradi, akiwa na jopo lake. Utapewa mkataba na mshahara. Ujerumani tangazo huandika daraja E13 la mishahara ya umma, kisha asilimia ya muda wa kazi, mathalani 65, na asilimia hiyo ndiyo inayopanga kitakachoingia mfukoni. Swali lao kubwa si kama una akili. Wanataka kujua kama wewe ndiye wa kuifanya kazi hii.

Chapisha tangazo, pigia mstari kila sifa waliyoitaja, na hakikisha kila moja ina ushahidi mahali fulani kwenye slaidi zako. Dakika 15 zigawe hivi: moja kujitambulisha, mbili swali la tasnifu yako, sita mbinu na matokeo, nne jinsi ujuzi huo unavyoingia kwenye mradi wao na hatua gani ungeanza nayo, moja ya kufunga. Inabaki moja ya akiba, na utaihitaji. Slaidi zisizidi kumi. Grafu iwe moja kwa slaidi, na mihimili yake uieleze kwa mdomo kabla ya kusema inaonyesha nini. Jizoeze na saa mbele yako mara nne. Jopo likikukata dakika ya 15 hujafika kwenye mradi wao, umewasilisha nusu ambayo hawakuiita.

SWALI: Usaili wangu ulikuwa wiki sita zilizopita. Mmoja alisema "tutawasiliana hivi karibuni". Akaunti yangu ya maombi bado inasema "linashughulikiwa". Kila nikiamka saa tisa usiku naichungulia. Niwaandikie, au nitaonekana msumbufu?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Neno "linashughulikiwa" halisemi lolote. Hubaki hivyo hivyo mpaka barua ipandishwe, hata kama kamati ilikwisha kaa. Kuna maelezo kadhaa ya kimya hicho, na mengi hayakuhusu wewe moja kwa moja. Idara hupendekeza, lakini barua rasmi hutoka ofisi nyingine ya chuo, na faili laweza kulala hapo. Programu inaweza kuwa imetoa ofa za awamu ya kwanza na inangoja nani atakataa. Au bajeti haijajulikana. Kwa wageni kuna la ziada: katika sayansi za tiba, fedha za mafunzo ambazo taasisi ya afya ya Marekani, NIH, huvipa vyuo kugharimia wanafunzi hutumika kwa raia na wakazi wa kudumu tu, kwa hiyo nafasi za wageni hutegemea mifuko mingine na huwa chache. Mwaka 2025, serikali ilipokata fedha za utafiti, baadhi ya vyuo vilipunguza nafasi, na vingine vikafuta hata ofa zilizokwisha kutolewa.

Kalenda ya kawaida ni hii: maombi hufungwa Desemba hadi katikati ya Januari, usaili ni Januari na Februari, ofa za kwanza hutoka Februari na nusu ya kwanza ya Machi, walio kwenye orodha ya akiba husogea mwisho wa Machi mpaka 15 Aprili, barua za kukataliwa zinaweza kuchelewa kuliko zote. Wiki sita kutoka usaili wa Januari bado hazijatoka nje ya kawaida. Zikifika nane, au ikipita wiki moja baada ya tarehe waliyoitaja wenyewe, andika.

Mwandikie mratibu wa programu, si profesa, wala si wote watano kwa mpigo. Barua moja, mistari minne, kwa lugha ya programu: "Ndugu Mratibu, nilifanyiwa usaili tarehe 22 Januari kwa ajili ya kuanza masomo mwezi Agosti. Programu yenu bado ndiyo chaguo langu la kwanza. Naomba kujua kama kuna tarehe inayotarajiwa ya uamuzi. Tangu usaili, makala yangu imekubaliwa kuchapishwa, nimeambatanisha barua." Ile "chaguo la kwanza" iandike kwa programu moja tu, na iwe kweli. Habari ya makala iweke kama ipo. Kama haipo, mistari mitatu inatosha. Namba ya maombi iwe kwenye kichwa cha barua. Wasipojibu, kaa siku kumi za kazi, uandike mara moja tena, uishie hapo.

Zima mlio wa taarifa za barua pepe usiku. Barua iliyoingia saa tisa usiku utaisoma vile vile saa moja asubuhi, na hakuna ofa inayotaka jibu kabla ya chai. Cha kuangalia ni folda ya barua taka, mara mbili kwa wiki, kwa sababu barua za mifumo ya maombi huangukia huko.

SWALI: Nimepata ofa yenye ufadhili Marekani lakini wanataka jibu tarehe 1 Machi. Chuo ninachokipenda zaidi hakijaamua. Na kuna kingine cha Uingereza kinanipa siku kumi. Nifanyeje?
Msomaji, Kampala

JIBU: Anza na ya Marekani. Baraza la vyuo vya uzamili la huko, CGS, lina azimio lililotiwa saini na vyuo vingi: mwombaji aliyepewa ofa ya ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Orodha ya waliosaini iko kwenye tovuti ya baraza, itafute kwa jina la chuo. Kama kimo, andika kwa heshima: "Nashukuru kwa ofa. Naelewa chuo chenu kimesaini azimio la 15 Aprili. Naomba nafasi ya kutoa jibu kufikia tarehe hiyo." Mara nyingi aliyeweka 1 Machi ni karani aliyenakili barua ya zamani, na jambo huisha kwa barua moja. Ujue mipaka yake: azimio linahusu ofa zenye fedha, na kwa vyuo vilivyosaini tu.

Halafu kiandikie kile unachokipenda: nina ofa nyingine, jibu lake linatakiwa tarehe fulani, je, mnaweza kuniambia maombi yangu yamefikia wapi? Hilo si tishio. Kamati zimezoea barua hizo na huweza kulivuta faili lako juu. Usidanganye kuwa una ofa usiyokuwa nayo. Fani ni ndogo na maprofesa wanajuana.

Uingereza na bara la Ulaya azimio hilo haliwahusu kabisa, siku kumi ni siku kumi. Omba nyongeza ya wiki mbili ukieleza sababu kwa sentensi moja. Wakikataa, itabidi uamue ukiwa na ulicho nacho mkononi. Kukubali kisha kujitoa Mei kunamwacha profesa na mradi usio na mtu, naye atamkumbuka hata aliyekuandikia barua ya mapendekezo.

Na ofa ambayo una hakika huiendei, ikatae leo. Kuna mtu kwenye orodha ya akiba anaingoja. Huyo hapa chini, kwa mfano.

SWALI: Nimewekwa orodha ya akiba. Ni njia ya kistaarabu ya kukataa?
Msomaji, Kisumu

JIBU: La, anayekataliwa huambiwa amekataliwa. Jibu ndani ya siku mbili kwamba ungali unataka nafasi, na uulize mambo matatu: je, orodha ina mpangilio wa namba, nafasi ikipatikana inakuja na ufadhili kamili, na utapewa muda gani wa kujibu. Kama orodha imepangwa kwa maeneo ya utafiti, kuwa wa pili kwenye eneo la watu wawili ni bora kuliko kuwa wa tano kwenye orodha ya jumla.

Wengi hukataa ofa zao dakika za mwisho, kwa hiyo simu huanza kulia kati ya 10 na 16 Aprili, na huenda ukapewa saa 24 au 48 tu. Saa sita usiku ya 15 Aprili New York ni saa moja asubuhi ya tarehe 16 Kisumu, hivyo usizime simu. Fanya hesabu zako za fedha na mazungumzo ya nyumbani kabla. Saa 24 hazitoshi kumwambia mwenzi wako kwa mara ya kwanza kwamba mnahama bara.

SWALI: Nimepata ofa mbili Marekani! Moja posho dola 30,000 kwa mwaka, nyingine 27,000. Kaka yangu anasema hakuna cha kuwaza. Nisome nini kwenye barua?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hongera, na kaka amekwenda mbio. Soma kilicho nje ya posho. Tuseme ile ya 30,000 inalipa ada ya masomo, lakini michango ya chuo dola 1,800 na bima ya afya dola 2,500 ni juu yako. Unabaki na 25,700, karibu dola 2,142 kwa mwezi. Ile ya 27,000 ikiwa inalipa vyote, ni 2,250 kwa mwezi. Ndogo imeizidi kubwa, na hatujataja kodi ya nyumba, ambayo kati ya mji mmoja na mwingine yaweza kutofautiana mara mbili.

Pili, posho ni ya miezi 9 au 12? Ikiwa 9, dola 30,000 ni 3,333 kila mwezi wa masomo na sifuri miezi mitatu ya kiangazi, na viza ya mwanafunzi, F-1, haikuruhusu kwenda kutafuta kibarua nje ya chuo upendavyo. Tatu, imehakikishwa miaka mingapi? "Miaka 5 kwa maendeleo mazuri" na "mwaka 1, kisha kutegemea fedha" ni ofa mbili tofauti kabisa. Nne, unafanya kazi gani kwa posho hiyo? Kufundisha au utafiti hadi saa 20 kwa wiki ndio ukomo wa kawaida muhula ukiendelea. Tano, barua pepe ya profesa ya "nitafurahi kuwa nawe" si ofa. Usiache kazi wala usitoe notisi ya nyumba mpaka uwe na barua rasmi ya chuo inayotaja fedha. Kama wewe ni mwajiriwa wa serikali au mhadhiri msaidizi, uliza mapema ruhusa ya masomo huombwa miezi mingapi kabla, maana mlolongo wa saini ni mrefu.

Kuna fedha ambazo barua haitazitaja. Ukifika katikati ya Agosti, malipo ya kwanza yaweza kuingia mwisho wa Septemba. Katikati hapo unatakiwa kulipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana. Kwa chumba cha dola 900 hiyo ni 1,800, kabla ya sufuria na shuka. Ongeza ada ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni) dola 350, ada ya viza 185, na tiketi. Iulize idara kama ina malipo ya awali au mkopo wa kuwasili. Vyuo kadhaa vinao, ila hawautangazi.

Jambo zito zaidi ni viza. Burundi imewekewa vikwazo vya viza za masomo za Marekani tangu Juni 2025, na tangazo la Desemba 2025 liliongeza Tanzania kuanzia 1 Januari 2026. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote soma tovuti ya ubalozi siku hiyo hiyo. Kisha iulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo, kwa maandishi: nikikosa viza kwa wakati, mtanisogezea nafasi pamoja na ufadhili wake, na mpaka lini? Jibu la maandishi la swali hilo ni sehemu ya ofa. Anayeomba mwaka huu kutoka nchi hizi mbili asiweke mayai yote Marekani. Nafasi za Ujerumani, Sweden, Kanada na Afrika Kusini ziombe sambamba.

SWALI: Vyuo sita, sita vimenikataa. Niombe tena? Wataniambia sababu?
Msomaji, Unguja

JIBU: Pole sana. Marekani mara nyingi hawatoi sababu, ingawa msaili uliyeelewana naye anaweza kujibu ukimuuliza swali moja mahususi: ni kipi ningekiimarisha zaidi? Jopo la Ulaya huenda likakueleza, ukiomba ndani ya wiki mbili.

Kabla ya kuomba tena, angalia ulianguka wapi. Kama hukuitwa usaili hata mara moja na fani yako huita, tatizo liko kwenye faili: uchaguzi wa vyuo, maelezo ya utafiti, au barua za mapendekezo zinazosema tu kuwa una adabu na unawahi darasani. Kama uliitwa mara tatu na kukosa mara tatu, faili ni zuri, rudi kwenye jibu la Morogoro hapo juu. Kuomba tena chuo kile kile kunaruhusiwa kwingi, lakini faili likiwa lile lile na jibu huwa lile lile. Badilisha angalau kitu kimoja chenye uzito: makala, mwaka wa kazi ya maabara, au msimamizi mtarajiwa uliyekwisha kuzungumza naye. Kwa Desemba ijayo, anayekuandikia barua ya mapendekezo apewe taarifa Septemba, akiwa na rasimu ya maelezo yako mkononi.